Mpira Haufiki Kama Zamani: Kusaka Chanzo cha Swingi Iliyoharibika Ukishapita Miaka 60

Mchezaji wa gofu aliyepita miaka 60 akiona mpira wake unaangukia nyuma ya pale ulipozoea kuangukia, jambo la kwanza analofanya ni kuongeza nguvu. Mabega yanakakamaa, vidole vinaikaba fimbo, mikono inautangulia mwili, na umbali unazidi kupungua. Akirudi klabuni, kila aliyeketi mezani ana dawa yake. Mmoja anamwambia apige polepole, mwingine ainamishe kichwa, wa tatu anunue draiva mpya, ile fimbo ya kupigia mbali zaidi. Anajaribu zote tatu Jumamosi moja.

Mwongozo huu unafuata dalili. Tafuta inayokuhusu, fanya kipimo kilichoelezwa hapo, ndipo uguse swingi, yaani namna unavyoizungusha fimbo kupiga mpira. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa wazee wengi wanaocheza katika viwanja vya Nairobi, tatizo haliko mikononi wala kichwani. Liko kwenye nyonga na mgongo ambavyo havizunguki tena kama zamani, pamoja na nyayo zilizogandishwa ardhini ambazo zinazuia hata ule mzunguko mdogo uliobaki. Maelekezo ni ya anayecheza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

## Kabla ya kuilaumu swingi

Je, ulikuwa Pwani? Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Hewa yake ni nyepesi na haiukabi mpira sana. Mpira wa yadi 180 pale Karen au Muthaiga unaweza kushuka hadi karibu yadi 170 ukiupiga vilevile Nyali. Kila baada ya likizo ya Desemba kuna mzee anayerudi kutoka Mombasa akiamini amezeeka ghafla, kumbe alibadilisha hewa tu.

Je, ni msimu wa mvua? Kati ya Machi na Mei feawei, ile njia ya nyasi fupi inayoelekea shimoni, hulowa, na mpira uliokuwa ukibiringika yadi 20 unazama ulipotua. Julai nayo ina baridi yake: saa moja asubuhi huko Limuru au Sigona misuli bado imelala na mpira wenyewe ni mgumu. Kwa hiyo ukipima umbali wako, pima mahali mpira ulipotua, si uliposimama. Mpira ukitua palepale pa mwaka jana, swingi yako haina kosa.

Je, umebadilisha miwani? Swali hili huulizwa mara chache mno, na limewaokoa watu wengi. Miwani yenye sehemu ya kusomea chini ya lenzi hufanya mpira uliolala ardhini uonekane kwa ukungu, au uonekane umekaa mahali usipokaa. Ili kuuona vizuri, mchezaji huinamisha kidevu mpaka kifuani aangalie kupitia sehemu ya juu ya lenzi. Kidevu kikiwa kifuani, bega la kushoto halina pa kupita, na kifua kinalazimika kuinuka. Matokeo yake ni kupiga kichwa cha mpira, yaani sehemu yake ya juu, na lawama zote zinaenda kwa magoti. Kipimo ni rahisi: nenda uwanja wa mazoezi, vua miwani, piga mipira kadhaa kwa aini (fimbo ya chuma) namba 8. Mguso ukiwa safi zaidi, usimtafute kocha. Mwone daktari wa macho akutengenezee miwani ya kuonea mbali tu, ya kuchezea.

## Dalili: mpira unaenda sawa, lakini haufiki

Huu ndio ugonjwa wa wengi. Mguso ni mzuri, mwelekeo ni mzuri, ila shimo la par 4, lile la mapigo manne, ulilokuwa ukilifikia kwa draiva na aini namba 7 sasa linadai draiva na fimbo ya mbao.

Fanya vipimo viwili nyumbani. Keti kwenye kiti kisicho na magurudumu, nyayo zote chini, magoti pamoja. Laza fimbo kifuani, ivushie mikono, kisha geuka kulia hadi ukomo wako bila kunyanyua makalio. Ikiwa fimbo haifiki digrii 45, yaani nusu ya pembe mraba, sehemu ya juu ya mgongo imekaza. Sasa simama kama unayetaka kupiga mpira. Geuka kulia huku visigino vyote viwili vikiwa chini, uone bega la kushoto limefika wapi. Rudia, mara hii ukikiacha kisigino cha kushoto kinyanyuke chenyewe kadiri goti linavyovutwa kulia. Tofauti kati ya mizunguko hiyo miwili ni umbali ulio nao mwilini na hujawahi kuutumia.

Kwa miaka mingi tumefundishwa kubana nyonga na kuzungusha mabega juu yake, kama wanavyofanya vijana wanaoonekana kwenye televisheni wakati wa mashindano ya Magical Kenya Open. Mwili wa miaka 25 unaweza. Mwili wa miaka 65 ukibanwa nyonga hauzungushi mabega; unainua mikono tu, halafu mikono inashuka peke yake. Jack Nicklaus, bingwa wa Marekani, alikinyanyua kisigino cha kushoto enzi zake zote, na hakuna aliyemwambia amekosea.

Marekebisho yenyewe yanaanzia chini. Ncha ya mguu wa kulia ielekeze nje kidogo, ili nyonga ya kulia ipate nafasi ya kurudi nyuma. Ncha ya kushoto nayo ielekeze nje, zaidi kuliko ulivyozoea, ili goti la kushoto lisisokotwe wakati wa kumalizia. Mguu wa kulia uvute nyuma kiasi cha upana wa nusu kiatu, hasa ukiwa na draiva. Kisigino cha kushoto kiache kipae, bila kukilazimisha. Unapoanza kushuka, kitu cha kwanza kufanya ni kukirudisha kisigino hicho chini. Ukifanya hivyo, uzito unahamia kushoto kabla ya mikono kufika, na ndivyo mpangilio unavyotakiwa uwe. Usipokirudisha, utapiga ukiwa juu ya mguu wa kulia na utapata tatizo lingine ambalo tutalifikia.

Kuhusu ule ushauri wa "polepole", nina ubishi nao. Kuanza bila pupa ni sawa, na kutulia kule juu kabla ya kushuka ni bora zaidi. Lakini mzee akiambiwa apige polepole, hupunguza kasi pale inapohitajika, kwenye mpira wenyewe. Misuli ya kasi ndiyo inayotutoka mapema uzeeni, na isipotumiwa hutoka haraka zaidi. Geuza draiva, ishike upande wa chuma, uizungushe hewani. Sikiliza sauti ya upepo inalia wapi. Ikilia nyuma ya mguu wa kulia, umemaliza nguvu mapema. Zungusha hadi ilie mbele ya mguu wa kushoto. Fanya hivyo uani mara chache kila siku, baada ya kupasha mwili joto, na mtu asikucheke.

## Dalili: mpira unaruka chini na kuanguka haraka

Hapa swingi mara nyingi haina hatia. Hewa nyepesi ya Nairobi haipunguzi tu ukinzani; inapunguza pia ile nguvu inayoubeba mpira ukiwa angani. Anayepiga kwa kasi hupata faida kubwa kuliko hasara. Anayepiga taratibu, mpira wake ukitoka chini, hewa haina uzito wa kuushikilia na unaanguka mapema. Kwa hiyo mzee wa Nairobi anahitaji uso wa fimbo uliolala zaidi.

Kipimo: katika kituo cha mazoezi, piga mipira ya draiva, halafu mipira ya fimbo ya mbao namba 3 mpira ukiwa kwenye tii fupi (kijiti cha kuinulia mpira). Mipira ikitua karibu sehemu moja, au ya namba 3 ikipita, uso wa draiva yako umesimama mno. Uso uliolala digrii 9 ni wa vijana. Tafuta ya 12 au zaidi, uinue tii mpaka nusu ya mpira ionekane juu ya fimbo, na mpira uuweke mkabala wa kisigino cha kushoto.

Aini namba 3, 4 na 5 zitoe kwenye mfuko bila huzuni, uweke haibridi, zile fimbo zilizochanganya aini na mbao. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, hazisemi zipi.

Kisha chunguza shafti, yaani mpini wa fimbo. Nairobi kuna desturi nzuri yenye madhara: kijana aliye Marekani akinunua seti mpya, ile ya zamani anamtumia baba yake. Ni zawadi ya heshima, lakini shafti zake ni ngumu, zilichaguliwa kwa mtu wa miaka 30 mwenye mabega ya kucheza raga. Baba anaipiga mwaka mzima akijilaumu. Angalia maandishi kwenye shafti: S au X ni ngumu, R ni ya kawaida, A ni laini na ndiyo inayowafaa wengi waliopita 60. Mpe kijana shukrani zake, ukabadilishe shafti.

## Dalili: mpira unakata kulia

Usikimbilie kurekebisha. Tazama kwanza mpira ulianzia wapi, kwa sababu mahali unapoanzia panakuonyesha uso wa fimbo ulielekea wapi ulipogusa, na kupinda kwake kunakuonyesha fimbo ilipita njia gani.

Ukianzia kulia na kuzidi kwenda kulia, uso ulikuwa wazi. Kwa mtu mzima chanzo kikubwa ni mshiko. Vidole vyenye baridi yabisi huiacha fimbo itelezee kwenye kiganja badala ya kukaa vidoleni, na kiganja hakiwezi kuufunga uso kwa wakati. Uzungushe mkono wa kushoto kulia juu ya gripu (sehemu ya kushikia) hadi ukitazama chini uone vifundo vitatu vya vidole. Gripu nene husaidia sana wenye maumivu, na kushika kwa vidole vyote kumi bila kuvisokota pamoja ni halali kabisa. Kuna watu huona aibu na mshiko huo kwa sababu unaonekana wa kianagenzi. Wavumilie macho ya watu.

Ukianzia kushoto kisha ukarudi kulia, mikono ilishuka kutoka nje kwenda ndani. Hapo rudi kwenye nyonga. Mwili usipozunguka kulia vya kutosha, mikono haina nafasi ya kushuka ndani. Ule mguu wa kulia uliovutwa nyuma huwa unatosha kwa wengi, bila kufikiria njia ya fimbo hata kidogo. Ila epuka kosa la kujipanga ukiangalia kushoto zaidi ili kufidia. Kila inchi unayogeukia kushoto inaongeza mkato.

## Dalili: leo unapiga kichwa cha mpira, kesho unachimba ardhi

Kedi wako, yule anayekubebea mfuko, atasema, "Mzee, umeinua kichwa." Atasema hivyo hata akiwa anaangalia ndege. Kichwa huinuka kwa sababu kifua kimeinuka, na kifua huinuka kwa sababu makalio yamesogea kuelekea mpira, au kwa sababu uzito umekwama mguu wa kulia na mwili unajaribu kuusaidia mpira upae. Kupiga juu na kuchimba ni watoto wa mama mmoja: fimbo imefika chini kabisa kabla ya mpira. Ikiwa bado chini, unachimba. Ikiwa imeshaanza kupanda, unagonga kichwa.

Kipimo ni baada ya kupiga. Simama ulivyomalizia na jaribu kuunyanyua mguu wa kulia kabisa. Ukishindwa, au ukiyumba kurudi nyuma, uzito haukufika kushoto. Dawa ninayoipenda ni ya Gary Player, bingwa wa Afrika Kusini aliyejulikana kwa kuusogeza mguu wa kulia mbele baada ya kupiga kama mtu anayeanza safari. Piga mipira ya mazoezi hivyo kwa aini namba 9, hatua ya mguu wa kulia ikipita mpira. Huwezi kutembea mbele uzito ukiwa nyuma. Wenye shida ya kusimama imara waanze kwa nusu swingi, na fimbo nyingine waitumie kama mkongojo kati ya mapigo.

Kwa aini, mpira usiuweke mbele mno. Mkabala wa moyo panatosha kwa fimbo za kati.

Hapa lazima niseme neno kuhusu nyasi. Majani ya kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na viwanja kama Riviera kule California vinaogopwa kwa ajili yake. Kwenye feawei yanaubeba mpira juu vizuri, na hapo mzee hana lawama. Kwenye rafu, yaani nyasi ndefu za kando, mambo yanageuka: mashina yake magumu yanaizunguka shingo ya fimbo, na mwenye kasi ndogo fimbo yake inageuzwa, uso unafunga, mpira unatoka chini kuelekea kushoto. Wengi wanasoma hilo kama kosa la swingi na kuanza kubadilisha mshiko uliokuwa sawa. Ukiwa kwenye rafu ya kikuyu, chukua fimbo iliyolala zaidi, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, mpira uurudishe nyuma kidogo, na lengo liwe kutoka tu. Karibu na grini, pale penye nyasi fupi kabisa na shimo, usitegemee mpira wa kubiringika. Nyasi hizo huusimamisha kama uji mzito. Uinue utue grini moja kwa moja.

## Dalili: maumivu

Mahali panapouma huelekeza chanzo, ingawa si daktari wa kutosha.

Chini ya mgongo upande wa kulia, hasa wakati wa kumalizia: unalalia nyuma, tumbo likiwa limesukumwa mbele. Ni mtindo uliokuwa ukisifiwa sana miaka ya 1970. Malizia ukiwa umesimama wima, bega la kulia likiwa karibu na shabaha kuliko la kushoto, na mguu wa kulia uache uzunguke hadi ubaki kwenye ncha.

Goti la kushoto: ncha ya mguu haijaelekea nje vya kutosha, au viatu vinashika ardhi kupita kiasi. Badilisha viatu vyenye meno magumu.

Kiwiko: kwa kawaida ni mikeka ya mazoezi. Kwenye mkeka fimbo ikifika mapema huteleza hadi kwenye mpira, kwa hiyo hujui kwamba umechimba, lakini kiwiko kinajua. Piga ukiwa umeuweka mpira kwenye tii ya raba iliyo chini, punguza idadi, au tafuta kituo chenye nyasi. Kukaba gripu kunaongeza shida.

Bega: fupisha swingi hadi mkono wa kushoto uwe sambamba na ardhi. Robo tatu ya swingi iliyozungushwa vizuri hupoteza umbali mdogo kuliko unavyodhani.

Ganzi inayoshuka mguuni, maumivu yanayokuamsha usiku, au kubanwa kifua ukipanda kilima si mambo ya swingi. Acha kucheza, nenda hospitali. Aliyewekewa nyonga au goti bandia amuulize daktari aliyempasua ni lini na kwa kiasi gani anaweza kuzunguka.

## Dalili: mashimo tisa ya kwanza mazuri, tisa ya mwisho aibu

Miguu imechoka, na miguu ikichoka nyonga zinasimama. Utaiona kwa mipira inayoanza kuponyoka kulia kuanzia shimo la 12 au 13. Kunywa maji kabla ya kiu, zaidi ukiwa unatumia dawa za presha zinazokupeleka msalani mara kwa mara. Muulize daktari wako namna ya kuzipanga siku ya mchezo. Kula kitu shimo la 9, na chai peke yake haihesabiki. Toka hapo chukua fimbo moja kubwa zaidi kwa kila umbali na uipige robo tatu.

Kuputi, yaani kuusukuma mpira shimoni kwenye grini, nako huharibika kwa uchovu, lakini mara nyingi ni mgongo unaokataa kuinama. Fimbo ndefu ya kuputi inaruhusiwa. Kilichopigwa marufuku tangu Januari 2016 ni kuigandamiza mwilini, na Mjerumani Bernhard Langer ameendelea kuitumia ndefu bila kuigandamiza na kushinda akiwa amepita miaka 60.

## Namna ya kujaribu

Rekebisha kitu kimoja, ukae nacho kwa wiki kadhaa. Kedi wako mtumie vizuri: usimwombe ushauri, mwombe akuangalizie kitu kimoja. "Kijana wangu, nitazamie kisigino cha kushoto tu leo, uniambie kikikataa kurudi chini." Kedi anayekubebea kila wiki ana kumbukumbu ya swingi yako kuliko kocha unayemwona mara moja kwa mwezi, ila umpe swali linalojibika.

## Ukiwa umerekebisha yote na bado haufiki

Basi tii unayopigia, yaani mahali unapoanzia kila shimo, si yako. Mwaka 2011 USGA (shirikisho la gofu la Marekani) na PGA ya Marekani (chama cha makocha na wataalamu wa gofu) zilitoa mwongozo wa kuoanisha umbali wa draiva na urefu wa uwanja: anayepiga draiva yadi 200 anafaa uwanja wa yadi 5,200 hadi 5,400, anayepiga 175, yadi 4,400 hadi 4,600. Linganisha na kadi ya klabu yako. Wengi watakuta wanacheza uwanja mrefu kuliko unaowafaa.

Pingamizi ninalolisikia ni handikepu, yaani mapigo ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake: kwamba kusogea mbele ni kudanganya. Katika mfumo wa dunia ulioanza 2020, kila seti ya tii ina ukadiriaji wake, na ukisogea mbele mapigo ya ziada unayopewa yanapungua, kwa hiyo hakuna unachoiba. Jambo la kuhakikisha ni moja: tii za mbele ziwe zimekadiriwa kwa wanaume pia, si wanawake peke yao. Uliza ofisi ya gofu kabla ya siku ya mashindano. Kama hazijakadiriwa, kusanyeni majina ya wazee wenzenu mpeleke ombi kwa kepteni wa klabu.